Zoro na Sanji: Wadeni Wawili wa Utoto

Kwa msomaji wa pwani neno manga lina harufu ya pilipili na sura ya Maskati, kwa kuwa Manga ndilo jina ambalo wazee wetu waliliita Bara Arabu, na mpaka leo pilipili manga na njiwa manga zingali zikitukumbusha safari zile. Walakin manga ninayoikusudia katika makala haya haikuja kwa jahazi la kaskazi. Ni fani ya Wajapani ya kusimulia hadithi kwa picha, ambayo kurasa zake hufunuliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyofunuliwa nyaraka na tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata mtu aliyepitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani hatatizwi na namna ya kukishika kitabu hicho. Mashuhuri katika fani hiyo ni One Piece, kazi ya Eiichiro Oda, mzaliwa wa Kumamoto, aliyeianza katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi wa Julai 1997, akiwa kijana wa miaka 22, na ambayo hata sasa hajaimaliza. Nakala zake zilizochapishwa zimepita milioni 500, na mwaka 2023 ilitoka tamthilia yake ya waigizaji wa kweli, iliyopigwa picha Cape Town, Afrika ya Kusini.

Hadithi ni ya maharamia, na nahodha wao ni kijana aitwaye Luffy, mvaaji wa kofia pana ya mabua, ambaye sifa zake zimekwisha kuimbwa na wengi. Mimi nawatazama mabaharia wake wawili: Roronoa Zoro mpiga upanga, na Sanji mpishi. Umri wao ni mmoja, miaka 19 walipoingia chomboni; na tangu siku walipopanda merikebu moja hawajapata kupatana, wakiitana majina ya kejeli mezani, sitahani na vitani, kama paka na panya waliofungiwa ghala moja. Wasomaji wengi huwachukulia kuwa ni watu wa tabia mbalimbali waliowekwa pamoja ili tucheke. Nami nilidhani hivyo zamani, mpaka niliporejea utoto wao nikaona kwamba mwandishi amewafinyanga kwa udongo mmoja, kisha akawachoma katika tanuri mbili.

Zoro alijifunza upanga katika kijiji cha Shimotsuki, kwa mwalimu aliyekuwa na binti aitwaye Kuina, na mtoto yule mwenye kiburi cha jogoo alishindwa na binti huyo mara 2,000, hata usiku mmoja wakatoka uwanjani na panga za kweli, akashindwa mara ya 2,001. Ndipo aliyeshinda alipolia. Baba yake alikwisha mwambia kwamba mwanamke hawezi kuwa bingwa wa panga wa ulimwengu, naye aliona mwili wake ukikua na siku zikikaribia ambapo wavulana wangempita nguvu. Zoro akaghadhibika kwa maneno yale, kwani aliona yanamwibia ushindi wake wa kesho kabla haujafika; wakawekeana ahadi kwamba mmoja wao, awaye yote, lazima awe bingwa wa dunia. Siku ya pili yake Kuina akaanguka ngazini akafa. Zoro akauomba upanga mweupe wa marehemu, Wado Ichimonji, na kwa kuwa hupigana kwa panga tatu, huo ndio aushikao kwa meno.

Wapo wanaomlaumu Oda kwa mauti yale ya ngazini, wakisema kwamba mhusika wa kadiri ile alistahili kifo chenye adhama. Nawapinga. Kama Kuina angaliuawa na adui, ndoto ya Zoro ingalikuwa kisasi, na kisasi hufikia kikomo siku adui azikwapo. Lakini ngazi haina shingo ya kukatwa, na kwa hiyo deni lile halikuwa na mahali pa kulipwa isipokuwa katika kuishi na kushinda.

Sanji naye alikuwa mtoto mpishi katika merikebu ya abiria, akiota bahari iitwayo All Blue, ambamo samaki wa bahari zote nne za dunia ile hukutana katika maji mamoja. Mvuvi wa kwetu, ajuaye kwamba changu ni wa miamba na nguru ni wa kilindi, ataonja utamu wa ndoto hiyo upesi kuliko msomaji wa bara. Dhoruba ilimtupa mtoto huyo juu ya mwamba usio na njia ya kushukia, pamoja na haramia mkongwe, Zeff, aliyekuwa na ndoto ile ile. Wakakaa siku 85. Zeff aligawa chakula, akamwachia Sanji kifurushi kidogo, akajichukulia mfuko mkubwa, na mtoto akamchukia kwa uroho huo siku nyingi, hata njaa ilipomzidi akaenda na kisu kumnyang'anya, akakuta mfuko umejaa dhahabu na vito, na hakuna ndani yake hata punje moja ya kutafuna. Chakula chote kilikuwa katika kile kifurushi kidogo. Mzee alikuwa ameishi kwa kuula mguu wake mwenyewe. Sidhani kama kuna ukurasa katika kazi hii unaoishinda picha ile ya mfuko uliopasuka.

Hapa nako hakuna wa kulipizwa kisasi, maana njaa haina uso. Ndiyo sababu Sanji alipokuwa mtu mzima katika Baratie, mkahawa wa Zeff uliojengwa juu ya maji, alimpa sahani ya wali haramia Gin aliyekuwa hana senti, baada ya mpishi mwenziwe kumpiga na kumtoa nje, wala hakumwuliza nasaba yake. Na ndiyo sababu hupigana kwa miguu tu: mikono ni ya kupikia. Zoro amebeba deni lake kinywani, Sanji amelibeba mikononi.

Wawili hawa walipoonana katika mkahawa huo, mmoja alikuwa ameishika ndoto yake waziwazi, na mwingine ameificha nyuma ya shukrani, akisema kwamba hawezi kumwacha mzee aliyempa mguu. Akaja Mihawk, bingwa wa panga wa dunia, na Zoro akamkabili, akashindwa kama mtoto. Alipoona hana tena hila, aligeuka akafungua mikono ili apokee pigo kifuani, kwa kuwa kidonda cha mgongoni kwake ni fedheha. Sanji alikuwa akitazama. Alipiga kelele kwa hasira kwamba kuna ugumu gani kuitupa ndoto ili mtu apone roho yake, na msomaji mwangalifu atasikia kwamba hasira ile haikuwa ya Zoro peke yake. Alikuwa akijijibu mwenyewe, yeye aliyeketi miaka yote jikoni akidai kwamba ndoto inaweza kungoja.

Sasa vuka miaka ya uchapishaji, ufike Thriller Bark, merikebu kubwa kama kisiwa. Mabaharia wote wamelala chini kwa majeraha, Luffy hana fahamu, na Bartholomew Kuma, aliyetumwa na serikali, ametaka kichwa cha nahodha. Zoro akatoa chake badala yake. Sanji akainuka akichechemea, akajitoa yeye, na akamwuliza Zoro habari ya ile azma yake kubwa: itakuwaje? Swali ni lile lile la Baratie, limepinduliwa. Aliyesema kwamba ndoto ni kitu chepesi kukitupa ndiye sasa anayeihurumia ndoto ya mwenziwe, na aliyekubali kufa kuliko kuitupa ndiye anayeitupa. Zoro hakumjibu kwa maneno. Alimpiga kwa mpini wa upanga akazimia, akayapokea maumivu yote ya nahodha wake mwilini mwake. Sanji alipozinduka alimkuta amesimama peke yake katika damu, akikana kwamba lolote limetokea. Baadaye walikuwapo walioona, wakataka kueneza habari, na Sanji ndiye aliyewazuia. Siri ya hasimu wake aliitunza kama amana.

Kwa hiyo siwaafiki wanaosema kwamba uaminifu wa mabaharia hawa umeizidi ndoto yao. Zoro mwenyewe alimweleza Kuma maana yake: azma ya mtu asiyeweza kumlinda nahodha wake ina thamani gani? Ahadi aliyopewa marehemu haiwezi kutimizwa na mtu aliyekimbia. Bingwa wa namna hiyo Kuina asingemtambua.

Jaribio la Sanji lilikuwa chungu zaidi, na kwa maoni yangu limeandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko la Zoro. Ilidhihirika kwamba yeye ni mwana wa wafalme wa Germa, ambaye baba yake, Judge, alimfungia gerezani na kumvika kofia ya chuma usoni kwa kosa la kuzaliwa na moyo wa kawaida katika ndugu waliotengenezwa kuwa silaha. Mama yake ndiye aliyekila chakula alichompikia, kilichokwisha kuanguka na kulowa mvua, akakisifu kwa tabasamu. Judge alipomtaka arudi ili aozwe kwa mapatano ya kifalme, aliagiza atiwe mikononi bangili zenye baruti, akatishia na roho ya Zeff. Tazama ujuzi wa dhalimu huyo: mikono ilikuwa ndoto, mzee ndiye uaminifu, akavikamata vyote kwa siku moja. Sanji akamfukuza nahodha wake kwa mateke na matusi ili amwokoe. Naye Luffy akakaa chini, akaapa kwamba hatatia kitu kinywani isipokuwa chakula cha mpishi wake, na njaa, adui yule wa zamani wa mwambani, ikawa ndiyo kamba ya kumrudisha Sanji chomboni.

Sitamtetea Oda katika yote. Wazimu wa Sanji mbele ya wanawake, uliochekesha mara ya kwanza, umerudiwa hata umekuwa utovu wa adabu, na kupotea njia kwa Zoro kila afikapo njia panda ni mzaha uliokwisha chakaa. Yapo mapigano marefu ambayo ningeyafupisha kwa nusu bila majuto.

Lakini katika vita vya nchi ya Wano, Sanji alipohisi mwili wake ukianza kugeuka kuwa kama wa ndugu zake, na kuogopa kwamba huenda na moyo wake ukafa, alipiga simu kwa yule konokono atumiwaye na watu wa hadithi hii kupelekeana habari, wala hakumpigia nahodha. Alimpigia Zoro, akamwomba kwamba vita vikiisha, na yeye akiwa si Sanji tena, amwue. Zoro akakubali, na akamtaka asife kabla ya hapo. Ombi kama hilo mtu humpa yule tu ambaye hana shaka kwamba ataitimiza ahadi.

Hata leo Zoro hajamshinda Mihawk, wala Sanji hajaiona bahari yake. Mwenye haja ya kuyathibitisha haya na aianze juzuu ya 5 mpaka ya 8, kwenye habari za Baratie, kisha airukie sura ya 485 katika juzuu ya 50, aangalie uso wa Sanji anapouliza swali lake.