Boycott: Jina la Mtu Lililogeuka Kuwa Neno

Mara kwa mara msomaji wa magazeti hukutana na neno la Kiingereza "boycott", na wanaojua Kiingereza hulitamka hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Wengi hudhani kwamba maana yake ni mgomo. Sivyo, na yafaa tofauti ijulikane, maana mtu aweza kuitwa ajiunge na jambo asilolifahamu vema.

Boycott ni watu kupatana wasishughulike na mtu fulani, au kampuni, au hata nchi nzima: wasinunue kwake, wasimwuzie, wasimfanyie kazi, pengine hata wasimwamkie, mpaka aache jambo wanalolichukia. Mgomo ni wa wafanya kazi kuacha kazi yao wenyewe. Serikali ikikataza kwa sheria biashara na nchi nyingine, hivyo ni vikwazo, kwa sababu raia hakuulizwa hiari yake. Tena asiyenunua sukari kwa kuwa hana fedha hakuifanyia sukari boycott. Lazima pawe na kusudi.

Neno letu lililo karibu zaidi ni kususia. Asili yake ni kususa, kama afanyavyo mtoto aliyeudhika, akaisukuma sahani na kununa pembeni. Lakini mtoto hususe peke yake, na wenziwe humlia chakula chake. Boycott haina nguvu mpaka wawe wengi.

Ajabu ya neno hili ni kwamba lilikuwa jina la mtu. Kapteni Charles Cunningham Boycott alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1832. Alikaa katika jimbo la Mayo, magharibi ya Ireland, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe, naye alikuwa msimamizi wa ardhi ya tajiri mmoja aitwaye Lord Erne. Siku hizo Ireland ilitawaliwa kutoka London, na wakulima wengi hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walilima mashamba ya matajiri na kulipa kodi. Asiyeweza kulipa alifukuzwa, yeye na watoto wake. Mwaka 1879 ulianzishwa Umoja wa Ardhi ili kuwatetea wakulima hao.

Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji wa Lord Erne waliomba wapunguziwe robo ya kodi. Alikubali kupunguza sehemu ya kumi tu. Mwezi Septemba mwaka huo, katika mji wa Ennis, kiongozi wa Wairish Charles Stewart Parnell aliwauliza watu wamtendee nini mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenziwe. Mmoja akapiga kelele kwamba apigwe risasi. Parnell akajibu kwamba iko njia iliyo bora: mtu huyo aepukwe njiani, dukani, sokoni, hata katika nyumba ya ibada, kama alivyoepukwa mwenye ukoma zamani.

Siku chache baadaye Kapteni Boycott alituma hati za kuwafukuza baadhi ya wapangaji, na shauri lile likamwangukia yeye. Vibarua wake wakaondoka shambani. Mhunzi hakumtengenezea kitu tena, mfuaji hakufua nguo zake, na wenye maduka wa Ballinrobe hawakumwuzia. Mchukua barua naye akaacha. Mpwa wake alipojaribu kuzichukua, alizuiwa njiani akaambiwa kwamba akiendelea atajiponza. Tuseme kweli: wako walioacha kwa kutaka, na wako walioacha kwa kuwaogopa majirani. Jambo hilo limefuata boycott nyingi tangu siku ile, nalo ndilo upande wake mbaya.

Mazao yalikuwa tayari shambani, wala hapakuwa na wa kuyavuna. Boycott akaandika barua kwa gazeti la The Times la London, na habari zikaenea. Mwezi Novemba walikuja watu 50 wa kujitolea kutoka majimbo ya Cavan na Monaghan, wakilindwa na mamia ya askari. Ilikisiwa kwamba kuvuna mazao yenye thamani ya pauni 500 hivi kuligharimu pauni zisizopungua 10,000. Mwishoni mwa Novemba Boycott aliihama nyumba yake.

Mwandishi mmoja wa Marekani, James Redpath, alieleza jinsi neno lilivyopatikana. Alikuwa akitafuta jina la adhabu hiyo pamoja na padre wa mahali pale, John O'Malley. Kiingereza kilikuwa na neno la zamani lililotoka kwa Wagiriki wa Athens, ambao walikwaruza jina la mtu juu ya vigae vya vyungu, na aliyetajwa na wengi akahamishwa mji kwa miaka 10. Padre akaona wakulima hawatalielewa neno kubwa kama hilo, akasema heri litumike jina la Boycott. Kabla mwaka haujaisha magazeti yalikuwa yakiliandika, kisha Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakalichukua katika lugha zao. Mwenyewe alikufa mwaka 1897.

Tangu hapo neno limesafiri mbali. Katika mji wa Montgomery, Marekani, watu weusi waliacha kupanda mabasi kwa siku 381, tangu Desemba 1955, kwa sababu walibaguliwa katika viti. Walitembea kwa miguu au kupeana nafasi katika motokaa, na mwishowe mahakama ikaamua kwamba ubaguzi huo haukuwa halali.

Kenya pia yalijua neno hili. Mwaka 1976 ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ingawa timu yake ya raga ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow, safari hii kwa ajili ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1978, Mkenya Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia katika muda wa siku 81. Hakupata kukimbia katika Olimpiki hata mara moja.

Kwa Kiingereza neno huandikwa kwa herufi ndogo, na "t" mbili mwishoni. Wako wanaoandika "boikoti" kwa Kiswahili, nalo hueleweka. Lakini twaona kususia latosha, maadamu tusilichanganye na kugoma.