Plaki ya gari iko wazi, lakini anwani ya mwenye gari ni siri

Nchini Marekani, mtu akipiga picha gari lililosimama barabarani na plaki ikaonekana vizuri, kwa kawaida hajavunja sheria. Plaki hutundikwa pale ili isomwe. Kinacholindwa ni faili iliyo nyuma yake: jina, anwani na nambari ya simu ya mwenye gari.

Ulinzi huo ulitokana na kifo. Tarehe 18 Julai 1989, mcheza filamu Rebecca Schaeffer, mwenye umri wa miaka 21, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake mjini Los Angeles. Muuaji, Robert John Bardo, alikuwa shabiki aliyemfuatilia kwa muda mrefu bila kujua anapoishi. Alimlipa mpelelezi wa kibinafsi, na anwani ikapatikana kutoka ofisi inayoandikisha magari ya jimbo la California.

Mwaka 1994, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia ofisi hizo kutoa habari za wenye magari ovyo. Jimbo la South Carolina liliipinga mbele ya sheria, lakini mwaka 2000 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu waliiunga mkono.

Hata hivyo, sheria hiyo inafunga mdomo wa ofisi, haimfungi mwenye kamera. Hapo ndipo plaki za kujichagulia zinaleta shida. California inamruhusu mwenye gari kulipa zaidi na kuchagua herufi na tarakimu 2 hadi 7: jina lake, kazi yake, hata timu anayoipenda. Namba ya kawaida husahauliwa kabla ya jioni. Jina hukaa kichwani. Picha moja ikisambaa mtandaoni, watu watamtambua mwenye gari bila kuuliza ofisi yoyote.

Leo kuna pia kamera zinazosoma plaki zenyewe, za polisi na za makampuni. Picha moja inaonyesha gari lilipopita. Picha elfu moja zinaonyesha mtu analala wapi, anasali wapi na anatibiwa wapi. Tangu Januari 2016, sheria ya California inawataka wanaotumia kamera hizo watangaze kanuni zao na kulinda habari wanazokusanya.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini somo la California ni kwamba sheria huja nyuma ya msiba. Kabla ya kutuma picha ya gari la mwingine kwenye WhatsApp, kufuta plaki kunachukua sekunde chache tu.