Udongo, Ukili na Wimbo: Sanaa kwa Wazee Wenye Demensia Newala na Masasi

Demensia ni jina la jumla la maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu, kidogo kidogo, uwezo wa kukumbuka, kupanga mambo, kutambua mahali alipo na kupata maneno anayoyataka, na chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer huko Tübingen, Novemba 1906. Vijijini hali hiyo mara nyingi haihesabiwi kuwa ugonjwa; husemwa kwamba mzee amerudi utotoni, kwamba ni uzee tu, au, vibaya zaidi, kwamba pana mkono wa mtu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kwamba kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanaishi nayo.

Dawa ya kuiponya haijapatikana, lakini ubongo haupotezi kila kitu kwa wakati mmoja. Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu sehemu inayohifadhi matukio mapya, ilhali mazoea ya viungo, yaani yale ambayo mwili umeyajua kwa kuyarudia miaka mingi, hutunzwa kwingine na hudumu kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana bibi asiyekumbuka kama amekula asubuhi anaweza kupewa miyaa akaendelea kusuka ukili bila kukosea.

Miongozo mingi ya sanaa iliyoandikwa ughaibuni huanza na karatasi na rangi, jambo ambalo kwa mzee wa Newala asiyewahi kuishika brashi ni mwanzo mbaya. Mwaka huohuo wa 1906 mtaalamu Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala, akinasa nyimbo kwa mitungi ya nta na kuwapa watu penseli wachore, nao wakachora. Lakini wale walikuwa na akili timamu ya kujifunza kitu kipya, na uwezo huo ndio demensia inaouchukua kwanza.

Udongo wa kufinyangia ni mwanzo bora. Wanawake wa Kimakonde hufinyanga vyungu bila gurudumu: donge hupondwa na kulainishwa, ukingo huinuliwa kwa vidole, kisha ubavu hulainishwa kwa gunzi la mhindi au kipande cha kibuyu kilicholowekwa maji. Kila hatua huiita inayofuata, kwani ubavu wenye matuta hudai gunzi na ukingo uliopinda hudai kidole, kwa hiyo mfinyanzi hahitaji kuukumbuka mpango mzima. Chungu kikienda upande, kisinyooshwe na mjukuu. Kazi iliyorekebishwa na mwingine humwambia mwenyewe kwamba ameshindwa.

Kwa wachongaji mambo ni magumu zaidi. Mpingo ni mti mgumu mno, na tezo au patasi mikononi mwa mtu ambaye makadirio yake yamelegea ni hatari, ingawa kumnyang'anya fundi vifaa vyake mbele ya watu ni kumvua heshima. Familia inaweza kumbakishia umaliziaji: kupiga msasa kinyago kilichochongwa na mwanawe, kukipaka mafuta, na kuketi pale pale alipozoea, penye vumbi na harufu ya mti.

Nyimbo ndizo zenye nguvu kuliko vyote, hasa zile za ujana, kwa sababu watu wazima hukumbuka vizuri zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30. Mtu aliyelelewa kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao huenda akaitikia wimbo wa lugha hiyo wakati Kiswahili chake kimeanza kumponyoka. Tathmini ya tafiti iliyotolewa na Cochrane mwaka 2018 iliona kwamba muziki huenda hupunguza huzuni, ila haubadilishi sana uwezo wa kukumbuka. Faida yake, basi, ni ile saa yenyewe, na saa ya utulivu si kitu kidogo kwa anayemtunza mgonjwa usiku na mchana. Kukaa pamoja nako kuna faida: huko Hai wazee 34 walishiriki katika vikao 14 vya kundi vya kuichangamsha akili, mbinu iliyobuniwa London na kurekebishwa kwa mazingira ya kijijini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili na katika wasiwasi.

Lipo jambo ambalo miongozo ya ughaibuni haiwezi kulijua. Nyimbo nyingi zilizokaa ndani kabisa ya bibi ni za unyago, nazo haziimbwi mbele ya wanaume wala ya wasiochezwa, lakini maradhi yanaweza kumwondolea kizuizi akaziimba barazani. Hapo inafaa akae na somo au mwanamke wa rika lake, wala asinyamazishwe kwa ukali. Mapiko, yaani vinyago vya usoni vinavyovaliwa na wachezaji wanaume, navyo vinahitaji uangalifu, kwa kuwa zamani wasiotahiriwa na wanawake waliambiwa kwamba ni wafu waliofufuka, na mzee ambaye akili yake imerudi miaka hiyo anaweza kumwona aliyevaa lipiko kuwa mzimu kweli. Asikie ngoma akiwa mlangoni pake, mchana, huku mtu wa nyumbani amemshika mkono.