Bwawa la Udongo na Njia ya Maji Yaliyozidi

Katika nchi ya Ukambani mvua huja mara mbili kwa mwaka: mvua za vuli tangu Oktoba hata Desemba, na za masika tangu Machi hata Mei. Kati ya majira hayo mito mingi hukauka, ikabaki mchanga mtupu. Kwa hiyo wakulima wengi hujenga bwawa dogo la udongo, ili maji ya mvua yapate kuwekwa akiba na kumwagilia mboga na miche wakati wa kiangazi.

Bwawa dogo lisidharauliwe. Mita 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000; basi bwawa la mita za ujazo 10,000 limebeba tani 10,000. Huko Solai, karibu na Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la kumwagilia mashamba lilivunjika. Maji yalizishukia nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto.

Kinachozuia maji ni tuta la udongo linalokata bonde. Kabla ya kulijenga, majani, mizizi na udongo wa juu huondolewa. Kisha huchimbwa handaki toka ng'ambo hii hata ng'ambo ya pili, mpaka kufikia udongo usiopitisha maji, nalo hujazwa udongo wa mfinyanzi. Tuta hupandishwa kwa tabaka nyembamba zenye unyevu, na kila tabaka hushindiliwa sana kabla ya kuwekwa nyingine.

Lakini sehemu iliyo muhimu kuliko zote iko pembeni. Hapo huchimbwa mfereji mpana, ulio chini kuliko kichwa cha tuta kwa kiasi cha mita 1 hivi. Bwawa likijaa, maji yaliyozidi hupita humo, yakateremka polepole juu ya nyasi na kurudi mtoni.

Mabwawa ya udongo huvunjika kwa sababu mbalimbali, na iliyo ya kawaida ni maji kupita juu ya tuta. Tuta laweza kuyazuia maji miaka mingi, lakini haliwezi kustahimili maji yanayolipanda kichwani. Hayo hukwangua udongo wa upande wa chini. Kijito kidogo huwa korongo, na kwa muda wa saa chache tuta lote hukatika.

Ndiyo sababu desturi moja ni ya hatari sana. Mwenye bwawa akikumbuka kiangazi kilichopita, huyatazama maji yanayotoka pembeni na kuyaona kama mali inayopotea. Basi huuziba mfereji kwa mawe na magunia ya mchanga, apate maji zaidi. Labda mwaka ule hataona madhara, wala mwaka wa pili. Lakini ikija mvua kubwa, maji hayatakuwa na njia ila juu ya tuta, na watakaoumia kwanza ni majirani waishio chini ya bwawa.

Anayetaka maji mengi zaidi, yafaa aondoe tope wakati wa kiangazi, na azuie mmomonyoko katika miteremko ya juu kwa matuta na majani. Kwa maana mabwawa mengi yamekufa kwa kujaa mchanga.

Tena, tuta lipandwe nyasi, wala si miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha matundu. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililo mbali na tuta. Mashimo ya wanyama na nyufa zitengenezwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kila mara kabla ya mvua kuanza, mwenye bwawa autembelee mfereji wa pembeni na kuhakikisha kwamba u wazi.