Serikali Hudhamini, Benki Huamua

Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria iliyokuja kujulikana kama GI Bill. Pamoja na mengine, sheria hiyo ilimwahidi askari anayerudi kutoka vitani mkopo nafuu wa nyumba. Mpango huo ungalipo, na umezipatia mamilioni ya familia makazi. Je, umemtendea haki kila aliyevaa sare?

Wengi hudhani serikali ndiyo inayokopesha. Kwa kawaida, fedha hutoka benki au kwa mkopeshaji mwingine binafsi. Serikali humdhamini askari: akishindwa kulipa, yenyewe hubeba sehemu ya hasara, mara nyingi hadi robo ya mkopo. Kwa kuwa ana mdhamini huyo, askari anaweza kununua nyumba bila kutoa kianzio. Kijana aliyetoka jeshini bila akiba hana msaada mkubwa kuliko huo.

Lakini mdhamini hawezi kumlazimisha mwenye fedha kukopesha. Sheria ya 1944 haikutaja rangi ya mtu popote. Hata hivyo, mbunge John Rankin wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia maveterani, alipigania utekelezaji uachwe kwa mamlaka za majimboni, na kwao ubaguzi ulikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1947, uchunguzi katika miji 13 ya Mississippi ulikuta mikopo 3,229 iliyodhaminiwa, ya nyumba, biashara na mashamba. Iliyowafikia askari Weusi ilikuwa miwili tu. Kaskazini nako, katika kitongoji kipya cha Levittown, New York, nyumba hazikuuzwa kwa Weusi, hata kwa aliyetoka vitani.

Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi, ila haikufidia yaliyokwisha kupotea. Nyumba iliyonunuliwa 1947 ilipanda thamani, ikasomesha watoto, kisha ikarithiwa. Aliyenyimwa mkopo hakuwa na cha kurithisha. Muswada wa mwaka 2021 wa kuwapa wajane na wazao wa askari Weusi wa wakati huo haki ya dhamana haukupita.

Siku hizi suala la haki limo pia kwenye ada anayotozwa mkopaji wa mpango huu. Tuchukue nyumba ya dola 300,000. Anayekopa mara ya kwanza bila kianzio hutozwa asilimia 2.15, yaani dola 6,450. Akiutumia mpango tena bila kianzio, ada hufika asilimia 3.3, dola 9,900. Mwenye uwezo wa kutanguliza asilimia 5 hutozwa asilimia 1.5 ya mkopo uliobaki, dola 4,275. Anayepokea fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi halipi ada hii kabisa, na huo ni msamaha wa haki. Lakini kumtoza zaidi asiye na akiba, katika mpango uliobuniwa kwa ajili yake, ni kurudisha mzigo kwa yule yule aliyekusudiwa kutuliwa.

Naamini ada iwe sawa kwa wote wasio na msamaha, na wazao wa walionyimwa wafidiwe. Kila mkopeshaji anayetumia dhamana ya umma naye atangaze kila mwaka amewakopesha nani na amewakataa nani. Takwimu za Mississippi zilijulikana baada ya mikopo kugawanywa. Safari hii zitangulie.