Udongo wa Upanga unakumbuka nini? Jinsi ya kupima kemia ya ardhi ya jiji

Shangazi yangu anaishi kwenye ghorofa za zamani Upanga. Nyuma ya jengo, kati ya ukuta na karo, ana matuta mawili ya mchicha na kisamvu kidogo. Siku nilipomwambia nasoma kemia ya udongo, aliniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, huu udongo wangu unafaa au haufai?" Nilikuwa na digrii mbili na sikuwa na jibu.

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nitakueleza udongo wa jiji una nini ndani, unapimwaje, na kwa nini kupima tu hakutoshi kama hujui kusoma majibu.

Udongo wa jiji ni daftari

Shambani, kemia ya udongo inatokana zaidi na mwamba uliouzaa. Dar es Salaam ya kati imekaa juu ya mchanga wa pwani, na karibu na bahari kuna mawe ya matumbawe yanayoleta kalsiamu. Ukishuka bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani, unakuta mfinyanzi na tope linaloletwa na mafuriko. Kwa hiyo hata bila binadamu, udongo wa Upanga juu na wa Jangwani chini usingefanana.

Halafu tukaja sisi. Matairi yana zinki, na kila yanaposagika barabarani unga wake unabaki. Breki nyingi zina shaba. Rangi za zamani za madirisha na mageti zinaweza kuwa na risasi. Betri za gari, mabati, kuchomelea vyuma, majivu ya taka zinazochomwa uani: kila kimoja kinaandika mstari wake kwenye daftari.

Mstari mrefu kuliko yote huenda ni wa petroli. Mwaka 1921, kwenye maabara za General Motors, Thomas Midgley aligundua kwamba ukichanganya petroli na kampaundi ya risasi, injini inaacha kugonga. Dunia nzima ikaichoma kwa miongo kadhaa. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 eneo zima lilikuwa limeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Utasema, basi yamekwisha. Hapana. Risasi haiozi wala haiyeyuki kirahisi na mvua. Inajishika kwenye mfinyanzi, mboji na kutu ya chuma, na inabaki sentimeta chache za juu kwa miaka mingi sana. Gari lililopita Barabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1985 huenda ni chuma chakavu leo, lakini risasi iliyotoka kwenye bomba lake la moshi inaweza kuwa bado ipo pale pale kando ya lami.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ya watoto. Wanacheza chini, wanaweka mikono mdomoni, na miili yao inafyonza risasi kuliko ya watu wazima. Inaathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kupima: kazi inaanzia kwenye koleo

Watu wengi wanadhani kazi ngumu ni mashine. Kazi ngumu ni kuchota udongo. Ukichota sehemu moja tu, unaweza kuangukia pale fundi alipomwaga rangi, ukadhani uani pote ni sumu. Kwa hiyo unachota sehemu tano hivi ndani ya eneo dogo, kina kile kile, unazichanganya, na hiyo ndiyo sampuli moja. Unaukausha, unaupitisha kwenye chekeche la milimita 2, kisha unausaga.

Nikupe siri ya aibu. Mara yangu ya kwanza, zinki ilitoka juu kwenye kila sampuli, hata ya msituni. Nikaanza kuota ugunduzi mkubwa. Kumbe nilichotea koleo jipya lililopakwa zinki ili lisishike kutu! Wiki nzima ya jua la Dar ikaenda na maji. Tangu siku hiyo natumia kijiko cha plastiki.

Baada ya hapo kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuuchemsha udongo kwenye mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki, kisha kupima metali zilizotoka. Ni sahihi, lakini ina gharama na inachukua muda. Ya pili ni kifaa cha eksirei cha kushika mkononi. Mionzi yake inang'oa elektroni ya ndani ya atomu, elektroni ya nje inashuka kuziba pengo, na inaposhuka inatoa nishati ambayo ni tofauti kwa kila elementi. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba yenye watu wengi: kila mmoja anaitikia kwa sauti yake, nawe unawatambua bila kuwaona. Dakika moja au mbili una jibu, ila udongo ukiwa umelowa, namba zinashuka na kukudanganya.

Namba peke yake haisemi kitu

Tuseme, kwa mfano tu, umepata risasi miligramu 40 kwa kilo uani Upanga, na 40 hiyo hiyo bondeni Jangwani. Ni sawa?

Si sawa. Ukoko wa dunia kwa wastani una risasi kama miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, lakini mchanga safi huwa na kidogo zaidi, na mfinyanzi huwa na nyingi zaidi kwa asili yake. Njia yetu ni kulinganisha na alumini, ambayo inafuata mfinyanzi na haiongezwi sana na magari. Kama uani una alumini asilimia 2 na bondeni asilimia 8, basi uani kuna risasi mara nne zaidi kwa kila kipimo cha alumini. Mchanga ule umebeba mzigo usio wake. Ndiyo maana lazima pia uchote udongo wa sehemu ambayo haijaguswa sana, wenye asili inayofanana, uwe kipimo cha kulinganishia.

Na kiwango cha hatari ni kipi? Hata wataalamu wanabadilika. Januari 2024, shirika la mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha kuanzia uchunguzi kwenye makazi kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo hadi 200. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni tunachojua kuhusu watoto.

Ramani tunayoihitaji

London walichota zaidi ya sampuli 6,000, nne kwa kila kilometa ya mraba, wakachora ramani ya kemia ya jiji zima. Dar es Salaam ina kilometa za mraba 1,393. Kwa mpango huo huo tungehitaji sampuli kama 5,570. Ni nyingi, ila kwa vyuo vyetu na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti kila mwaka, haliwezi kuwa jambo lisilowezekana.

Msingi upo. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya metali nzito kwenye mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Na jirani zetu wametuonyesha gharama ya kuchelewa: Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, lakini risasi ilikuwa imeshaingia kwenye damu ya watoto.

Upanga nayo inabadilika haraka. Nyumba za zamani zinavunjwa, maghorofa yanapanda, na kifusi pamoja na udongo wa juu vinapakiwa kwenye malori kwenda kujaza mashimo ya watu wengine. Daftari linachanwa kurasa kabla hatujalisoma.

Jibu la shangazi

Nilimwambia hivi, nawe unaweza kulitumia. Usilime kando ya barabara kubwa, karibu na gereji, au chini ya ukuta wenye rangi inayobanduka. Kama una wasiwasi, lima kwenye ndoo au kwenye tuta lililoinuliwa, kwa udongo unaojua ulikotoka. Ongeza mboji. Osha mchicha kwa maji mengi, kwa sababu risasi nyingi kwenye majani ni vumbi la juu. Funika ardhi iliyo wazi pale watoto wanapocheza, na wanawe mikono kabla ya kula.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniletea kopo la plastiki. "Haya, chota. Na mwaka huu nataka majibu."

Kopo liko kwenye meza yangu, limeandikwa tarehe na kina cha sentimeta 15.