Boila ikidondosha matone, musiizibe!



Mwezi wa 6 na wa 7, huku kwetu Haut-Katanga na Lualaba, baridi ya usiku inauma. Mwenye kutoka posti ya usiku anataka maji ya moto, watoto nao wanaoga mbele ya kwenda masomo. Ni wakati ule boila, yaani tangi ya umeme ya kupashia maji, inaanza kusumbua. Kwetu wadelege wa sindika maneno yanayofika ni yale yale: “Maji haipate moto.” “Inadondosha mchana na usiku.” “Robinet inanipika courant!” Tumeona vema kujibu wote pamoja, juu kati ya mambo hayo kuko yenye kuharibu feza, na kuko yenye kuua.

Tuanze na kanuni tunayoijua sisi wote wa mugodi. Kule kazini hakuna mutu wa kugusa mashini mbele ya kukata umeme, kutia kadena na kupima kama umeme umeisha kweli. Tumeipigania kanuni hiyo miaka na miaka. Sasa juu ya nini mutu yule yule, akifika nyumbani, anafungua boila na bisibisi wakati umeme ungali ndani? Kata kwenye disjonkta, si kwenye kitufe tu. Ambia wote wa nyumba wasiwashe. Kisha pima.

Maji haipate moto. Musikimbilie kununua rezistansi mupya. Angalia kwanza kama taa zinawaka vizuri. Umeme wa 220 volti ukishuka mpaka 160, rezistansi inatoa karibu nusu tu ya nguvu yake. Maji yatakuwa vuguvugu, na hakuna kitu kilichokufa. Fundi asiye mwaminifu atakuuzia kipande cha bure. Kama umeme ni mzuri, aangalie termostati: nyingi ziko na kitufe kidogo cha usalama kinachoruka moto ukizidi, na kinarudishwa kwa kukisukuma. Kikiruka tena na tena, kuko shida, musikifunge na waya. Mwisho ndipo apime rezistansi, umeme ukiwa umekatwa na waya zimetolewa. Ile ya 2 000 wati inapaswa kuonyesha karibu 24 omu. Isipoonyesha kitu, imekatika.

Maji ya mtaa imekatika. Hapa ndipo rezistansi nyingi zinaungua. Kwenye bomba la kuingiza maji baridi kuko kilango chenye kuzuia maji isirudi nyuma. Kikichakaa, tangi inaweza kumwagika kurudia bomba la mtaa bila mutu kujua. Umeme ukirudi mbele ya maji, rezistansi inawaka katika hewa na inaungua upesi. Kwa hiyo, maji ikikatika, zima boila. Ikirudi, fungua robine ya maji ya moto mpaka itoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.

Boila inadondosha. Sikilizeni hapa vizuri. Maji ikipata moto inaongezeka. Tangi ya litre 100, ikitoka digri 15 kufika 65, inataka nafasi ya karibu litre 2 zaidi. Hizo litre 2 zinatokea kwenye supapi ya usalama, ambayo kwa boila nyingi inafunguka kwenye presha ya 7 bari. Matone wakati wa kupasha moto ni kazi yake, si ugonjwa. Ikidondosha hata wakati tangi imepoa, presha ya mtaa ni kali kupita kiasi ao supapi imechakaa. Ibadilishwe. Lakini kuko watu wanaopigilia kipande cha muti ao kizibo cha chuma pale, ili nyumba isilowe. Wandugu, ile ni kutega bomu. Termostati ikikwama na supapi imezibwa, maji inapita digri 100 bila kuchemka, juu presha inaizuia. Tangi ikipasuka, kila litre inayogeuka mvuke inajaza zaidi ya litre 1 600. Ukuta hausimame mbele yake. Tungekataa kompresa bila supapi kule kazini, basi tukatae boila bila supapi nyumbani. Mara moja kwa mwezi izungushe kidogo maji itoke, ili chokaa isiigandishe.

Robine inapika courant. Hata kama ni kidogo, hata kama “tumezoea”. Kata umeme wa boila siku ile ile, mutu asioge nayo tena. Mara nyingi rezistansi imetoboka na waya wa kushuka udongoni haupo ao umekatika. Fundi arudishe waya huo na atie disjonkta ya usalama ya 30 miliampere, ile inayoruka yenyewe umeme ukivuja. Mukikuta mutu ameshikwa na umeme, kata kwanza, musimukamate na mikono.

Na kwa ajili ya watoto: maji ya digri 60 inababua ngozi kwa sekunde chache. Tia maji baridi kwanza katika beseni, kisha ya moto.

Wenye kukaa nyumba za kampuni, musilipe peke yenu kwa kimya. Andika barua, tia tarehe, namba ya nyumba na kitu kilichoharibika, chunga kopi, ingine mupe delege wenu. Neno la mdomo linapotea. Karatasi tunaiweka juu ya meza, na siku ya mkutano na wakubwa tunauliza: “Hii nyumba, mutaitengeneza lini?”